Kishindo Kinachotangulia Noti: Kusawazisha Ofseti ya DC kwenye VCA Uliyoiunda Mwenyewe

Chomoa waya wa osileta kwenye VCA yako, acha waya wa envelopu peke yake, kisha bonyeza noti kadhaa kwenye kinanda. Hakuna sauti inayoingia, kwa hiyo hakuna sauti inayotakiwa kutoka. Ukisikia "tup" kila unapobonyeza, na "tup" nyingine hafifu unapoachia, VCA yako ina ofseti ya DC ambayo haijasawazishwa, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Ukikuta kimya kabisa, lakini kishindo kinarudi mara tu unapochomeka osileta, tatizo liko kwingine. Nitalifikia huko mbele, maana wapo wanaokesha wakizungusha trima kutafuta kosa ambalo trima haina uwezo wa kulitibu.

Nazungumzia VCA, yaani amplifaya ambayo ukuzaji wake unaendeshwa kwa volti, kwa sababu hakuna sehemu ya sintesaiza inayoteswa na ofseti kuliko hiyo. Kwenye amplifaya ya kawaida, milivolti chache za DC zikikaa kwenye njia ya kutokea hakuna atakayezisikia, kwani zimetulia, na sikio husikia kinachotikisika tu. Kwenye VCA ofseti iliyoko upande wa kuingilia hukuzwa pamoja na sauti, na ukuzaji wenyewe hupanda na kushuka kwa kufuata envelopu. Kwa hiyo ile DC nayo hupanda na kushuka pamoja na kila noti, na hapo imekwisha kuwa sauti.

Kabla hujashika bisibisi, liweke hili kichwani: kazi yako ni kuhakikisha volti ya kutokea haisogei pale volti ya kuendesha inaposogea. VCA inayotulia kwenye milivolti 4, iwe wazi au imefungwa, ni nzima. VCA inayosoma sifuri safi ikiwa wazi, kisha ikaruka milivolti 50 ikifungwa, itagonga. Watu wengi huitazama mita wakitafuta sifuri, wakaipata, wakafunga sanduku, na kishindo kikabaki palepale.

Milivolti mbili zinavyofika karibu volti moja

Tuchukue sakiti ambayo wajenzi wengi huanza nayo: nusu moja ya chipu ya LM13700, na opampu ya TL072 baada yake. LM13700 ni OTA, aina ya opampu inayotoa mkondo badala ya volti, na nguvu ya kukuza inategemea mkondo mwingine unaouingiza kwenye mguu wa 1, au mguu wa 16 kwa nusu ya pili. RCA ndio waliozieneza chipu za aina hii kwa CA3080 yao, mwishoni mwa miaka ya 1960. LM13700 ilikuja baadaye kutoka National Semiconductor, na sasa inatengenezwa na Texas Instruments. Ina OTA mbili kwenye mwili mmoja wa miguu 16.

Sauti ndani ya sintesaiza ya moduli hucheza kati ya volti +5 na −5. OTA haiwezi kuhimili hivyo. Ukiipa zaidi ya milivolti kumi na kitu inaanza kuikunja sauti. Kwa hiyo tunaipunguza kwanza kwa rizista mbili: kilo-ohmu 100 kutoka kwenye jeki hadi mguu wa 4, na ohmu 220 kutoka mguu huohuo hadi ardhi. Volti 5 zinashuka kuwa milivolti 11. VCA ikiwa wazi kabisa, tuseme mkondo wa kuendesha ni mikroampea 500, OTA inatoa takriban mikroampea 9.6 kwa kila milivolti 1. Milivolti 11 zinakuwa mikroampea 105, na TL072 yenye rizista ya kilo-ohmu 47 kati ya mlango wake wa kutokea na mguu wake wa hasi inaugeuza mkondo huo kuwa volti 5. Zimeingia 5, zimetoka 5.

Sasa iangalie ofseti. Ndani ya OTA, ishara inapokewa na transista mbili zinazogawana mkondo mmoja, na hakuna kiwanda kinachoweza kuzifanya zilingane kabisa. Ni mizani ya dukani ambayo sahani moja ni nzito kidogo hata kabla hujapima sukari. Datashiti ya LM13700 inataja ofseti ya kawaida ya milivolti 0.4, na kikomo cha milivolti 4. Tuseme chipu yako ina 2. Sauti yako ilipunguzwa mara 455 kabla ya kukuzwa upya. Ofseti haikupunguzwa, kwa sababu imezaliwa ndani ya chipu. Yenyewe inapata ukuzaji mtupu, mara 450 hivi. Milivolti 2 zinatoka zikiwa volti 0.9. Kila envelopu inapofunguka, koni ya spika inasukumwa na karibu moja ya tano ya sauti yako kamili, kabla hata osileta haijasema kitu.

VCA haikuzi sauti peke yake. Wengi wetu tunaitumia kupunguza au kuongeza vibrato: LFO, yaani osileta ya polepole, inapita kwenye VCA inayoendeshwa na gurudumu la mkono wa kushoto, kisha inaingia kwenye osileta inayofuata volti 1 kwa oktava. Hapo volti 0.9 ni karibu nusu-toni 11. Ukisukuma gurudumu upate mtikisiko kidogo, wimbo mzima unahama ufunguo. Na hata ofseti ya milivolti 10 tu ni senti 12, ambazo sikio la mwanamuziki linazikamata mara moja. Kwa kazi ya vibrato, basi, usawazishaji unatakiwa uwe makini kuliko kwa sauti ya kawaida, na kapasita haiwezi kukusaidia kwa sababu LFO nayo ni ya polepole mno.

Tena kuna faida ambayo haitajwi sana. Ofseti ikiwepo, OTA inafanya kazi ikiwa imeegemea upande mmoja, na kuegemea huko kunazaa harmoniki ya pili. Kwa sakiti yetu, milivolti 2 za ofseti zinaleta harmoniki hiyo kwa kiasi cha asilimia 0.4, ambacho ni karibu sawa na harmoniki ya tatu ambayo OTA inaizalisha kwa maumbile yake. Ukisawazisha vizuri, kishindo kinaondoka na sauti inakuwa safi zaidi, kwa trima ileile moja.

Trima inakaa wapi

Mguu wa 4 umeshika sauti. Mguu wa 3, ambao ni wa chanya, hauna kazi ya sauti, na hapo ndipo tunaweka uzito wa kusawazisha. Upeleke ardhini kwa rizista ya ohmu 220, sawasawa na ile ya mguu wa 4. Chukua trima ya kilo-ohmu 10 au 100, mguu mmoja wa pembeni uende +12, wa upande mwingine −12, na mguu wa kati upite kwenye rizista kubwa kwenda mguu wa 3.

Ukubwa wa rizista hiyo ndio unaoamua kama kazi itakuwa rahisi au ya kuudhi. Katika michoro mingi utaona kilo-ohmu 100. Kwa ohmu 220, hiyo inakupa nafasi ya milivolti 26 kila upande, wakati chipu nzima inahitaji 4 zikizidi sana. Ukiongeza kosa la trima ya mzunguko mmoja, kila nyuzi moja ya kuzungusha inahamisha volti ya kutokea kwa karibu milivolti 90. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutulia hapo. Weka kilo-ohmu 470: nafasi inakuwa milivolti 5.6 kila upande, inatosha kwa chipu yoyote iliyo halali. Tumia trima ndefu ya mizunguko 25, na kila mzunguko mzima utahamisha volti 0.2 tu. Ukimaliza kusawazisha na ukakuta trima iko karibu na katikati, unaweza kubadilisha 470 ukaweka megaohmu 1, ukapata ulaini mara mbili. Mimi hufanya hivyo kwa VCA za vibrato tu.

Zile rizista mbili za ohmu 220 zina siri inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Kwanza, ziwe ndogo na zilingane. Miguu ya kuingilia ya OTA inavuta mkondo wake wenyewe, kawaida mikroampea 0.4, lakini datashiti inaruhusu hadi 5. Kwenye ohmu 220, hata hiyo 5 ni milivolti 1.1, na pande zote mbili zikilingana sehemu kubwa inafutana. Ukiweka kilo-ohmu 10 upande mmoja kwa kufikiri "ni rizista ya ardhi tu", umejitengenezea ofseti mpya kubwa kuliko ya kiwandani.

Pili, na hili ndilo lenye madhara zaidi, zikutane ardhini kwenye nukta moja. Fikiria taa ya LED inayoonyesha envelopu, inavuta miliampea 10, na mkondo wake unarudi kwenye waya wa ardhi wenye ukinzani wa ohmu 0.1. Kati ya mwanzo na mwisho wa waya huo kuna milivolti 1, inayowaka na kuzima pamoja na envelopu. Kama rizista moja ya ohmu 220 imeshikwa upande huu wa waya, na nyingine upande ule, umeingiza milivolti 1 moja kwa moja mdomoni mwa OTA, na itatoka ikiwa karibu volti nusu. Trima itakudanganya kwamba imeifuta, kisha siku utakayobadilisha LED kishindo kitarudi. Kwenye bodi ya matundu, lehemu miguu miwili ya rizista hizo kwenye tundu moja, au matundu mawili yanayogusana, na ardhi ya LED ipewe waya wake wa kurudi hadi kwenye pawa saplai.

Sehemu zilizobaki hazina maneno mengi. Mguu wa 5 uende kwenye mguu wa hasi wa TL072, mguu wa chanya wa TL072 uende ardhini, na pikofaradi 47 zikae sambamba na ile kilo-ohmu 47. Mguu wa 6 ni −12, wa 11 ni +12, kila mmoja na kapasita ya nanofaradi 100 karibu yake. Mkondo wa mguu wa 1 usizidi miliampea 2 kwa hali yoyote, kwa hiyo usiuguse bila rizista ya kuulinda.

Ununue soketi. Chipu ikiwa kwenye soketi unaweza kujaribu mbili au tatu na kuichagua yenye ofseti ndogo kwa asili yake. Si anasa, kwa sababu trima inaingiza volti isiyobadilika, wakati ofseti inayotokana na transista zisizolingana inakua pamoja na joto. Kwa chipu ya milivolti 2, ni kama mikrovolti 7 kwa kila nyuzi 1 ya joto, ambazo kwenye njia ya kutokea zinakuwa milivolti 3. Chumba chenye paa la mabati saa nane mchana na chumba hichohicho saa nne usiku vinaweza kutofautiana kwa nyuzi 10. Umesawazisha usiku, mchana una milivolti 30. Chipu ya milivolti 0.4 itahama milivolti 6 tu. Chipu bora na trima ni ndugu. Usitegemee mmoja kubeba mzigo wa wote wawili.

Na kama trima imefika mwisho kabisa na bado VCA inaruka, usiharakishe kupunguza ile kilo-ohmu 470. Kagua kwanza lehemu, kagua rizista za 220 kwa mita, kisha itilie shaka chipu yenyewe. Chipu za zamani zisizotengenezwa tena, CA3080 hasa, zimejaa bandia sokoni, nyingine zikiwa zimepigwa chapa upya juu ya chipu tofauti.

Mita kwanza

Washa kifaa, funika sanduku, uache dakika 20 au 30. Wakati huo pima pawa: +12 na −12 ziwe zimetulia, zipite kwenye regyuleta kama 7812 na 7912, kwa sababu trima inachukua volti yake hukohuko. Mahali ambapo umeme wa ukutani unacheza, regyuleta dhaifu itakufanya usawazishe leo na kesho uanze upya.

Tengeneza plagi ya kunyamazisha: plagi ya jeki ya kawaida, ncha na mwili wake vimeunganishwa kwa kipande cha waya. Ichomeke kwenye mlango wa sauti. Ukiuacha mlango wazi utaokota mvumo wa umeme, na mvumo huo utakuchanganya.

Weka volti ya kuendesha kwenye sifuri. VCA inatakiwa ifungwe kabisa, mkondo wa mguu wa 1 ukatike. Kuna sakiti ambazo zina trima nyingine kwa kazi hiyo, na hiyo ndiyo ya kurekebishwa mwanzo, kwa sababu VCA isiyofunga sawasawa itafanya kila kipimo kinachofuata kiwe cha uongo. Njia rahisi ya kujua: ondoa plagi ya kunyamazisha kwa muda, chomeka osileta, sikiliza kama kuna sauti nyembamba inayopenya. Ikinyamaza, rudisha plagi.

Sasa mita kwenye DC, kipimo cha milivolti 200, kwenye mlango wa kutokea. Unachosoma hapa ni ofseti ya TL072 peke yake, kwa kuwa OTA imelala. Datashiti ya TL072 ya kawaida inataja milivolti 3, na kikomo cha 10. Tuseme umesoma 4.1. Iandike. Hiyo 4.1 ndiyo shabaha yako, wala si sifuri.

Fungua VCA kabisa kwa volti 5. Mita huenda ikapita kipimo. Panda hadi volti 2 au 20. Zungusha trima ukiangalia namba zinaelekea wapi. Zikienda mbali, geuza upande. Zikikaribia, rudi kwenye milivolti 200 na uende taratibu, robo mzunguko, kisha pungufu ya hapo. Trima hizi huwa na ulegevu kidogo kwenye skrubu: ukigeuza upande, ncha ya ndani inachelewa kufuata. Fikia shabaha ukitokea upande mmoja daima, na ukiipita, rudi nyuma nusu mzunguko uanze tena kuja. Ukifika, gonga mwili wa trima mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Namba itaruka kidogo na kutulia mahali pake pa kweli, sahihisha hapo.

Funga VCA, soma. Fungua, soma. Tofauti ikiwa chini ya milivolti 5 kwa VCA ya sauti, mita imemaliza kazi yake. Umetoka volti 0.9 hadi 0.005, mara 180.

Kisha masikio

Mita inakuonyesha nukta mbili, VCA ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Haikuonyeshi safari ya katikati, na hiyo ndiyo unayoisikia kwenye muziki. Kwa hiyo hatua ya mwisho inafanywa kwa hedifoni, nami naiona ndiyo tamu kuliko zote.

Plagi ya kunyamazisha ibaki mahali pake. Chukua osileta ya pili, wimbi la saini au la pembetatu, kama hezi 300, na uiingize pale panapoingia envelopu, ukihakikisha inacheza kati ya 0 na 5 na haiendi hasi. Punguza sauti ya hedifoni kabla ya kuzivaa. Sasa VCA inafunguka na kufunga mara 300 kwa sekunde, na kama ofseti ipo, utaisikia ikiimba kwa toni hiyohiyo ya hezi 300. Umegeuza kishindo kuwa noti, na noti ni rahisi kuifuatilia kuliko kishindo.

Zungusha trima polepole. Noti inapungua, inapungua, inafifia, kisha upande wa pili inaanza kukua tena. Rudi. Ongeza sauti ya hedifoni, tafuta tena palepale. Kwenye sehemu ya chini kabisa utagundua kwamba noti ya awali imezama, na imebaki sauti nyembamba, oktava moja juu. Usishangae, na usijaribu kuifukuza. Ofseti ya OTA yenyewe inabadilika kidogo kadiri mkondo wa kuendesha unavyobadilika, na trima moja haiwezi kufuata mkunjo huo. Inaweza kufuta sehemu iliyonyooka tu. Noti ya chini ikizama na ikabaki ile ya oktava ya juu, umefika mahali bora ambapo chipu hiyo inaweza kufika. Acha.

Usitumie wimbi la mraba kwa kazi hii. Kingo zake kali hurukia kwenye njia ya sauti kupitia kapasiti ndogo iliyopo kati ya nyaya zilizo karibu, na utasikia mlio mkali ambao trima haiugusi. Ukikuta mlio wa namna hiyo hata kwenye matumizi ya kawaida, tenganisha waya wa kuendesha na waya wa mguu wa 5, au pitisha waya wa ardhi katikati yao.

Baada ya hapo, rudi kwenye mita kwa ukaguzi wa mwisho. Huenda sehemu iliyochaguliwa na sikio ikatofautiana na ya mita kwa milivolti chache. Kwa VCA ya sauti, lisikilize sikio. Kwa VCA ya vibrato, ifuate mita, kwa sababu huko kinachohesabika ni mahali gurudumu linapoanzia na linapoishia.

Trima isiyoweza kutibu

Sasa kwa yule ambaye VCA yake ilikuwa kimya bila osileta. Angalia kinachoingia. Wimbi la pigo kati ya +5 na −5, likiwa wazi robo ya muda tu, lina wastani wa volti −2.5. Hiyo ni DC halali kabisa, imeingia kwa mlango wa mbele, na VCA itaizidisha kwa envelopu kwa uaminifu. Wimbi la msumeno linalocheza kati ya 0 na 10 lina wastani wa +5. Dawa ni kapasita kabla ya ile kilo-ohmu 100: mikrofaradi 1 isiyo na chanya na hasi inakata chini ya hezi 1.6, na besi yako haitaguswa. Hata hivyo, ukiiweka, VCA hiyo haifai tena kwa vibrato. Weka swichi, au amua tangu mwanzo ni VCA ya kazi gani.

Kuiweka kapasita kwenye njia ya kutokea badala ya kusawazisha, kama wengine wanavyofanya, hakusaidii. Inazuia DC iliyotulia, ambayo haikuwa ikisikika, na inaachia kishindo kipite, kwa sababu kishindo ni mwendo wa haraka na kapasita imeumbwa kupitisha mwendo wa haraka.

Kisha upo mbofyo wa envelopu yenyewe. Besi ya hezi 50 ikikamatwa katikati ya wimbi na VCA ikafunguliwa chini ya milisekunde 1, sauti inaanza kwa kuruka kutoka sifuri hadi volti kadhaa mara moja. Mruko huo unasikika kama mbofyo, na VCA iliyosawazishwa kikamilifu itautoa vilevile. Ongeza muda wa kuanza hadi milisekunde 2 au 3. Kwa ngoma za sintesaiza, mbofyo huohuo ndio unaoipa ngoma ukali wake, kwa hiyo amua kwa kusikiliza.

Ukichoka na OTA, zipo chipu zilizobuniwa kwa ajili ya kazi hii. SSI2164 ina VCA nne ndani na uvujaji wake wa volti ya kuendesha ni mdogo kiasi kwamba sakiti nyingi hazina trima kabisa. THAT 2181 ina mguu maalumu wa kurekebisha ulinganifu, na huko unarekebisha ukitazama upotovu wa sauti kwa ishara ya hezi 1,000. Ni nzuri, na bei yake inaonyesha hivyo. Lakini LM13700 iliyosawazishwa vizuri haina haja ya kuomba radhi kwa yeyote, na kujifunza kuisikiliza ikizama kwenye hedifoni kutakufundisha jinsi transista mbili zinavyogawana mkondo kuliko kitabu chochote.

Nusu ya pili ya chipu ina ofseti yake, kwa hiyo inahitaji trima yake na zoezi lake lote. Kusawazisha nusu ya kwanza hakukuambii chochote kuhusu ya pili, hata kama zimetoka kwenye kipande kimoja cha silikoni. Ukimaliza zote mbili, tia tone la rangi ya kucha kwenye kila skrubu, andika ndani ya kifuniko zile namba za VCA iliyofungwa na iliyo wazi, na baada ya mwezi mmoja wa matumizi fungua upime tena: trima mpya husogea kidogo mwanzoni, na mara nyingi marekebisho ya pili ndiyo yanayodumu.